Somo la Salamu Kwenye Stoo ya Matairi

Kitabu kilikuwa na jalada la bluu, na nilikichukia kabla sijafika ukurasa wa kumi. Nakala zake zilikuja arobaini, ndani ya sanduku la mbao lililofungwa kwa waya, zikashushwa mlangoni mwa ofisi ya mafunzo kule Mbeya asubuhi moja ya baridi, ukungu ukiwa umeshuka mpaka kwenye mapaa ya karakana. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Mwezi mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimetolewa kwenye shule ya msingi Iringa, nikaletwa kwenye shirika la malori ili nifundishe Kiingereza madereva kumi na mmoja wa njia ya Zambia. Hakuna aliyeniuliza kama nataka.

Nilikaa juu ya lile sanduku nikasoma. Sura ya kwanza nzima watu walikuwa wanapeana habari za asubuhi, habari za mchana na habari za jioni, neno moja moja, kila mtu na njia yake. Sura ya pili baba anavaa koti, anachukua mwavuli, anapanda treni kwenda mjini. Sura ya tatu mama anamimina chai, na mbwa amelala juu ya zulia karibu na moto. Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. Hakuna tairi, hakuna breki, hakuna mpaka, hakuna hati ya mizigo. Nikajiuliza huyu baba mwenye mwavuli atamfaa nini mtu aliyekwama mlimani na trela la mbolea. Nikakirudisha kitabu sandukuni na kuufunga ule waya upya.

Kisha nikaenda kwa mkuu wa mafunzo. Alikuwa mzee wa shule za misheni, mwenye mvi, aliyevaa tai kila siku wakati wenzake wote serikalini walikuwa wameshaziacha. Shikamoo nilimpa mlangoni, akaipokea, akaniuliza nimeamkaje, na kwa kuwa hayo yalishakwisha nilijiona nina haki ya kubishana.

"Mzee, kitabu hiki hakifai."

Alinitazama kama niliyetukana kaburi. "Mwalimu, kitabu hicho ndicho kilichonitoa mimi machungani. Na mtihani wa mwisho utatoka humo humo."

Ndipo akanieleza jambo ambalo hakuna aliyekuwa ameniambia. Shirika lilikuwa limeamua kwamba mwisho wa kozi mtahini atakuja kutoka Dar es Salaam, na dereva atakayeshindwa Kiingereza ataondolewa njia ya Zambia. Atapewa gari la kubeba mahindi vijijini, kwenye matope, mpaka astaafu. Kwa madereva wale njia ya Zambia ilikuwa ndiyo jina lao. Mtu wa njia ya Zambia alikuwa akiingia baa ya Mbeya watu wanasogea apate kiti. Alikuwa analeta nyumbani mablanketi na sabuni wakati maduka yetu yalikuwa na rafu tupu. Kumwondoa njia ile ilikuwa ni kumvua nguo mbele za wakwe.

Nilimwomba miezi mitatu, mashine ya kurudufu, na ruhusa ya kutengeneza kozi yangu mwenyewe. Alitafakari, akagusa tai yake, akasema, "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

"Nikivunjika nitajifunga mwenyewe, mzee."

Alikubali. Nadhani alikubali ili anione nikivunjika.

Niliamini wakati ule, na naamini mpaka leo, kwamba kozi haitengenezwi ofisini. Unamfuata mtu anakokwenda, unasikiliza ni maneno gani yanamkosa, unayaandika. Kwa hiyo nilimwomba dereva aliyekuwa na umri mkubwa kuliko wenzake wote anichukue mpaka mpakani na kunirudisha. Alikuwa Mnyakyusa wa upande wa Tukuyu, mtu mwembamba wa maneno machache, aliyeijua barabara ile tangu ilipokuwa vumbi. Mimi nilimwita baba, yeye aliniita mwanangu, na tangu siku ile hatukuwahi kuitana vingine.

"Mwanangu, unaandika kama askari wa barabarani," aliniambia tulipokuwa bado hatujafika hata Vwawa.

Pale mpakani Tunduma nilisimama nyuma yake kwenye foleni ya dirishani. Ofisa wa upande wa pili alikuwa Mzambia, mtu mzima mwenye mvi, na Kiingereza chake kilitoka haraka haraka. Dereva wangu alimpa karatasi kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, akanyamaza. Ofisa akauliza muhuri wa pili uko wapi. Dereva akanyamaza. Ofisa akauliza tena kwa sauti kubwa, akazisukuma karatasi pembeni, akaita dereva mwingine. Tulikaa kivulini mwa lori mpaka saa tisa. Niliandika kwenye daftari: hajui kuuliza wala kujibu habari za muhuri.

Tukiwa tunasubiri, alipita mlinzi wa geti, mzee, na dereva wangu akasimama kumlaki. Waliinama wote wawili, wakapiga makofi kidogo, wakaulizana habari za mvua, za ng'ombe, za msiba fulani, za mtoto aliyekuwa anaumwa safari iliyopita. Mimi niliangalia saa. Niliandika mstari mmoja: salamu, muda mrefu mno, hazina haja kwenye kozi. Daftari lile ninalo, na kila nikiusoma mstari ule natamani kumzaba kofi binti aliyeuandika.

Niliporudi nilikusanya vifaa vyangu. Nilibandua lebo za makopo ya oili. Nilinakili maneno yaliyo ubavuni mwa tairi, na maonyo yaliyo kwenye mfuniko wa radieta. Nilipata karakana kitabu cha ufundi kilichochanika, kimelowa grisi, nikakibeba kama Biblia. Niliomba hati za zamani za forodha, zile zilizokwisha kazi. Jioni nilikuwa nagonga stensili kwenye mashine ya chapa, na kwa kuwa dawa ya kusahihishia ilikuwa imekauka, kila nilipokosea nilipaka rangi ya kucha. Wino uliharibu vitenge vyangu viwili. Sikujali, maana nilikuwa na furaha ya mtu anayepika kwake baada ya kula miaka mingi kwa watu.

Yalitoka masomo kumi na manne. La kwanza: breki zangu zimeshika moto, nahitaji maji. La pili: nipe hati yangu. La tatu: mzigo huu haujafunguliwa. Yote kwa Kiingereza kifupi, kilichosimama wima. Nilifuta kila neno la kuomba radhi na kila neno la kujishusha. Nilisema tumetawaliwa miaka mingi tukiomba radhi, sasa basi. Salamu sikuweka hata moja. Za kile kitabu cha bluu zilinitia kichefuchefu, na za kwetu niliona ni kupoteza muda.

Tulisomea kwenye stoo ya matairi baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wangu wakiwa wamekalia matairi, mimi nimesimama mbele ya ubao ulioegemezwa kwenye mapipa. Walikuwa wakubwa kwangu wote. Siku ya kwanza mmoja akauliza kwa nini mwalimu amekataa vile vitabu vipya, na mwingine, Msafwa mwenye mdomo, akajibu haraka: "Si amechorwa humo mbwa amelala? Mwalimu wetu Mhehe. Akisoma njaa inamuuma." Stoo nzima ililipuka kicheko, maana Wahehe tunataniwa kwamba tunakula mbwa. Nikawaambia mbwa yule amekonda, nasubiri anenepe kwanza. Tangu hapo walinikubali.

Na walijifunza. Hilo siwezi kulipunguza. Wale watu walikuwa wanajua kila mlio wa injini, na sentensi moja kwao ilikuwa kama spana nyingine tu ya kuongeza kwenye boksi. Mwezi wa pili ukipita nje ya stoo ungedhani kuna ugomvi, maana sauti kumi na moja zilikuwa zinadai hati zao kwa pamoja. Nilikuwa natembea karakana nzima nimeinua shingo.

Wiki sita kabla ya mtahini, mkuu wa mafunzo akasema atawajaribu yeye mwenyewe. Alikaa nyuma ya meza, tai imenyooka, akajifanya ofisa wa mpakani. Dereva anaingia, anatoa karatasi, mkuu anaizuia. Dereva anatakiwa kusema somo la pili, maneno machache tu. Mtoto wa shule angeweza.

Wa kwanza aliingia, akatoa karatasi, akatazama sakafu. Wa pili alianza neno akaliacha katikati. Yule Msafwa mwenye mdomo alicheka, akaziba kinywa kwa kiganja, akatoka. Dereva mzee aliingia wa mwisho. Alikutanisha mikono, akakunja magoti kidogo, akasimama kimya mpaka mkuu akamrudishia karatasi kwa huruma. Waliingia kumi na mmoja na wote walitoka bila kusema neno.

Mkuu hakunicheka, na angenicheka ningeumia kidogo tu. Alisema kwa upole, "Vitabu bado vimo sandukuni, mwalimu."

Nilitoka nje nikawafokea. Niliwaita waoga. Niliwaambia mahindi ya vijijini yanawasubiri, na wakienda kukwama kwenye matope wasije kuniambia. Watu wazima wale, wenye wake na wajukuu, walisimama wakanisikiliza. Nilipomaliza, dereva mzee akasema, "Jumamosi naenda Dar. Panda gari, nikushushe kwa mama yako."

Mama yangu alikuwa anauza nyanya na vitunguu kando ya barabara pale Ilula. Tuliondoka Mbeya alfajiri. Makambako ikapita, Mafinga ikapita, Iringa ikapita juu ya kilima chake bila mimi kuinua macho. Tulifika Ilula jua bado liko juu. Mama alikuwa amekaa nyuma ya makarai yake, nyanya zimepangwa nne nne, kila fungu na moja juu.

Dereva alishuka, akavua kofia.

"Kamwene," mama akasema.

"Kamwene, mama. Za hapa?"

"Za hapa nzuri. Mmeamkaje huko Mbeya? Baridi je?"

"Baridi tunashindana nayo. Watoto wazima?"

"Wazima. Mvua kwenu imenyesha?"

Wakaendelea hivyo, yeye na Kinyakyusa chake ndani ya Kiswahili, mama na Kihehe chake, mimi nimesimama na kikapu mkononi. Hawakuwa wamemaliza nilipoliona gari dogo jeupe likisimama. Ndani mlikuwa na vijana wawili waliovaa suti za mikono mifupi, watu wa ofisi kutoka Dar. Aliyekuwa upande wetu aliteremsha kioo.

"We mama, nyanya bei gani?"

Mama aliinua nyanya moja, akaifuta kwa upindo wa khanga, akairudisha mahali pake.

"Nyanya! Bei! Gani!" Sasa alikuwa anakata neno vipande vipande, kama anayemlisha mtoto. Mama akasogeza karai. Kijana akamgeukia mwenzake, akasema bila kushusha sauti, "Hawa wa huku Kiswahili hakipandi," gari likaondoka.

Niliwaka. Mama yangu alikuwa ameimba kwaya ya Kilutheri kwa Kiswahili tangu kabla sijazaliwa. Nikamuuliza kwa nini hakumjibu yule mpumbavu.

"Nimemsikia tangu mara ya kwanza," mama akasema. "Mimi mwenyewe hajaniona, nyanya zangu ataziona wapi?"

Dereva mzee akacheka taratibu, akavaa kofia yake. "Umeona, mwanangu? Huyo mama ndiyo mimi pale dirishani."

"Nimeona, baba."

"Na yule kijana ndiyo kozi yako."

Sijawahi kupigwa kofi likanifika kama maneno yale. Nilitamani ardhi inimeze na kikapu changu. Alinieleza pole pole, kwa sababu aliona machozi yamenijaa: "Ile maneno yako ninayajua. Nipe hati yangu, ninayajua miaka mingi. Lakini yule mtu ana mvi. Naanzaje kumdai sijamwamkia? Na kwa Kiingereza sina njia ya kumwamkia. Sasa nanyamaza. Bora anione mjinga kuliko anione sina adabu."

Nikamwambia kitabu cha bluu kimejaa salamu. Akatikisa kichwa. "Ile ni ya kutupa. Gudi moning, umemaliza, umeondoka. Hiyo hata mbwa wa kwenye zulia unamwambia. Mtu mzima lazima umuulize nyumba yake."

Alipanda gari akashuka zake mlima wa Kitonga. Mimi nilibaki, na Jumapili baada ya kanisa nilikaa na mama nyuma ya makarai, daftari magotini. Nilimuuliza mtu akikutana na mtu mzima huanza na lipi. Akasema huanza na usiku, umelalaje. Kisha nyumba. Kisha watoto. Kisha kazi na pole ya kazi. Kisha njia, kama ametoka safari. Ukisikia kuna ugonjwa usiruke, simama hapo kwanza, pole yake itoke. Mambo mengine yatasubiri. "Na kama breki zinawaka moto?" nikamuuliza. Akafikiri sana. "Breki zikiwaka moto Mungu atakusamehe." Mama hakujua neno moja la Kiingereza, na hakuna mtu aliyechangia kozi ile kumzidi.

Nililifanya hilo kuwa somo la kwanza, breki nikazisukuma nyuma. Nilipomwonyesha mkuu wa mafunzo, alisoma stensili yangu huku nyusi zikipanda.

"Mwalimu, hakuna Mwingereza anayesema hivi. Nyumba yako imeamkaje? Watoto uliowaacha nyuma hawajambo? Hiki siyo Kiingereza."

"Maneno yote yamo kwenye kamusi, mzee."

"Maneno yamo. Lakini Mwingereza hasemi."

"Dirishani pale hakuna Mwingereza. Kuna Mzambia, na yeye ana mama aliyemfundisha kusalimu watu. Kiingereza ni gari tu. Mzigo tunapakia wenyewe."

Alinirudishia karatasi, akaniomba tu nisisahau kwamba mtahini ana picha zake. Sikusahau. Nilikuwa mkaidi, mjinga sikuwa. Wiki ya mwisho nilifungua lile sanduku, nikawaonyesha madereva yule baba na mwavuli wake, wakamkariri kwa nusu saa wakimcheka.

Lakini zile wiki za salamu ndizo ninazozikumbuka. Wanaume kumi na mmoja kwenye stoo ya matairi, wakiulizana kwa Kiingereza habari za nyumbani, za ng'ombe, za mama mkwe. Mara waliponyanyua vichwa sentensi nyingine zote zilitoka zenyewe. Hati, muhuri, breki, mzigo, kila kitu kilitoka kwa sauti ya kawaida, ya mtu anayeongea na mtu. Kumbe nilikuwa nimewafundisha kuingia nyumba ya watu kupitia dirishani, wakati wao walikuwa wanasubiri kuonyeshwa mlango.

Mtahini alikuja. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani, kazi yake imenyooka, na aliweka saa ya mezani mbele yake. Kila dereva alikuwa na fomu yake na dakika zake, na saa ikilia amekwisha. Alikuwa na zile picha za kitabu cha bluu, na maswali chini ya kila picha. Mimi na mkuu tuliruhusiwa kukaa nyuma, tusifungue mdomo.

Kumi walipita vizuri. Kila mmoja alimwamkia, akamuuliza alilalaje na njia ilikuwaje, mtahini akashangaa kidogo, akajibu, wakaingia kwenye mwavuli. Msafwa alitaja mpaka rangi ya koti.

Dereva mzee aliingia wa mwisho. Yeye hakujua kupunguza. Alivua kofia, akakunja magoti, akaanza na usiku. Mtahini akajibu mzima. Akamuuliza njia. Mtahini akajibu nzuri, mkono wake tayari uko juu ya picha. Akamuuliza nyumba aliyoiacha imeamkaje. Mtahini akafungua mdomo, nikaona lile jibu la kitabu likimkwama. Alivua miwani. Akasema kwa Kiingereza, taratibu, kwamba mke wake yuko hospitali, mwezi wa pili sasa.

Hapo dereva wangu alisimama, kama mama alivyoagiza. Alimpa pole. Akamuuliza ni ugonjwa gani, watoto wanapikiwa na nani, hospitali wanaruhusu chakula cha nyumbani au hapana. Mtahini alijibu yote. Mtu yule alikuwa amebeba mzigo wake kutoka Dar mpaka Mbeya na hakuna aliyekuwa amemuuliza. Waliongea Kiingereza, wazee wawili, bila kutafuta neno, na mimi nyuma pale nilikuwa nalia waziwazi. Saa ikalia. Hakuna picha hata moja iliyokuwa imeguswa.

Mtahini alivaa miwani. Alitazama fomu muda mrefu, kisha akachukua kalamu nyekundu akaandika kwamba mtahiniwa hakujibu maswali. Ameshindwa.

Fomu zililetwa kwangu, maana chini ya kila moja palikuwa na nafasi ya sahihi ya mwalimu wa kozi. Nilisaini kumi. Ya kumi na moja niliiweka mezani.

"Hii sisaini, Ndugu."

"Bila sahihi yako haiwezi kwenda."

"Ndiyo sababu sisaini."

Akaniambia mtihani haukuwa wa salamu. Nikamuuliza, kwa heshima niliyoweza kuipata siku ile, kama alimwelewa yule mzee. Akasema alimwelewa. Nikamuuliza kama yule mzee alimwelewa yeye. Akaifunika ile kalamu nyekundu. Kisha hasira ikampanda, naamini kwa sababu ya aibu, akasema ataandika barua makao makuu.

"Andika, Ndugu," nikamwambia. "Uanze na salamu."

Akamgeukia mkuu wa mafunzo, akamsukumia fomu asaini yeye. Mkuu aliichukua. Niliwaza, hapa sasa nimekwisha, mzee huyu na kitabu chake. Aliisoma fomu juu mpaka chini, akainyoosha tai.

"Imeandikwa mwalimu wa kozi," akasema. "Mimi siyo mwalimu wa kozi. Sheria ni sheria." Akaiweka mbele yangu tena.

Barua iliandikwa, nayo ilifika. Nilirudishwa Iringa kwenye shule ya msingi kabla ya mvua za masika, na nafasi yangu haikujazwa na mtu. Kwa hiyo pale Mbeya hapakuwa tena na mwalimu wa kozi, na fomu isiyo na sahihi haiwezi kumwondoa mtu kokote. Dereva mzee aliendelea na njia ya Zambia mpaka macho yake mwenyewe yalipomwambia aache. Walionihurumia walisema nimepoteza kazi kwa ajili ya karatasi moja. Niliwajibu kwamba ndiyo, na kesho nitaipoteza tena. Karatasi yenyewe niliondoka nayo, pamoja na nakala moja ya kitabu cha bluu, na nimeikunja ndani yake, kwenye ukurasa wa mbwa.

Kila dereva mzee alipopita Iringa alikuwa analiegesha trela chini barabarani, anapanda kilima kwa miguu mpaka shuleni kwangu. Anasimama mlangoni mwa darasa na kofia mkononi, tunasalimiana mpaka watoto wanaanza kurushiana chaki. Siku moja aliniambia kwamba yule ofisa mwenye mvi wa Tunduma sasa anatoka nyuma ya dirisha akiliona gari lake. Safari ile ofisa alikuwa amemuuliza, kwa Kiingereza, kama yule mama wa Ilula anayesimuliwa habari zake hajambo, na kama nyanya zake zimestawi.

"Nikamwambia mama mzima, nyanya mwaka huu zimepata ukungu, lakini Mungu yupo," akasema. Kisha akairudia yote kwa Kiingereza, neno kwa neno, amenikazia macho kama alivyokuwa akifanya kwenye stoo ya matairi. "Nimekosea wapi, mwanangu?"

"Hujakosea, baba. Umepata yote."